Kabla hujashuka Kariakoo kutafuta TV ya gemu yenye HDR

Winga akisikia unatafuta TV ya kuchezea PS5, hatamaliza sentensi mbili kabla hajasema, "Hii ina HDR, bosi." HDR ni mfumo wa picha unaopanua tofauti kati ya mwanga mkali na giza. Wala hatakuwa amekudanganya. Boksi limeandikwa hivyo, na ukichomeka mashine alama ya HDR itatokea kwenye kioo. Ila karibu kila TV ya 4K inayouzwa siku hizi inapokea HDR. Zinazoweza kuionyesha ni chache.

Mpwa wangu alilijua hilo baada ya kulipa. Alileta inchi 55 mpya, akawasha gemu, halafu akanipigia: "Anko, mbona picha imepauka? Hata ile TV ya zamani ilikuwa afadhali." Alidhani kauziwa mbovu. TV ilikuwa nzima kabisa, ila taa zake hazikuwa na nguvu ya kazi hiyo. Tulipozima HDR picha ikapendeza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kukiulizia ni mwangaza, unaopimwa kwa niti. Mfumo wa HDR10, ile HDR ya kawaida, umepangwa kuhesabu mwanga hadi niti 10,000, ingawa kazi nyingi hutengenezwa kwa kilele cha 1,000. TV nyingi za bei ya chini huishia kwenye 250 hadi 350. TV kama hiyo ikiletewa jua la niti 1,000 ina njia mbili: ikate huko juu, wingu zima ligeuke kuwa bati jeupe, au ishushe picha yote ili jua lipate nafasi, na hapo ndipo gemu linapopauka. Namba hii huikuti kwenye boksi. Tafuta jina kamili la modeli ukiwa bado nyumbani, herufi zote, maana herufi za mwisho zikibadilika hata paneli inaweza kuwa nyingine, kisha usome vipimo vya watu walioipima kwa vifaa. Ikikaribia 1,000, endelea na maswali mengine.

Giza nalo lina uzito uleule, na ndilo wauzaji wasilolizungumzia. TV ya LED ina taa nyuma ya paneli. Taa zikiwa pembezoni tu, ukitaka kung'arisha mwezi utang'arisha na anga lote, na usiku unakuwa wa kijivu. Zikipangwa nyuma nzima kwa mafungu yanayozimika kila moja kivyake, mwezi unawaka na anga linabaki jeusi. Mini LED ni taa hizohizo zikiwa ndogo sana na nyingi, hivyo mafungu yanaongezeka. OLED haina taa za nyuma kabisa. Kila pikseli inajiwasha na kujizima, kwa hiyo nyeusi yake ni nyeusi kweli. Na jina QLED lisikuchanganye na OLED. Hiyo ni LED yenye tabaka la kuboresha rangi, na inaweza kuwa na taa za pembeni kama nyingine yoyote.

Kati ya Mini LED na OLED, mimi naamua kwa kuangalia chumba kwanza. Sebule nyingi za Dar zina madirisha makubwa na pazia jepesi la kupitisha upepo, na jua la saa tisa alasiri halina huruma. Hapo OLED itakuonyesha sura yako mwenyewe kila gemu likiingia pangoni. Chukua Mini LED. Ukicheza usiku chumbani taa ikiwa imezimwa, OLED haina mpinzani. Ila kama una kibanda cha gemu, iache: ubao wa magoli ukikaa kona ileile kutwa nzima, mwezi baada ya mwezi, unaweza kuacha kivuli kisichofutika. Angalia pia mtakavyokaa. Paneli nyingine za LED huwa na rangi nzuri kwa aliyekaa katikati tu, na wa pembeni wanaona picha iliyofifia.

Matundu ya HDMI yasome kwa makini. HDR ya 4K kwa 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, inapita vizuri kwenye HDMI 2.0, kwa hiyo usitishwe. Ukitaka 4K kwa 120Hz unahitaji HDMI 2.1, na TV nyingi zenye matundu manne hutoa uwezo huo kwa mawili tu. Wakati mwingine moja kati ya hayo mawili ndilo la spika ya sauti, kwa hiyo mwenye PS5 na Xbox na spika atajikuta anachomoa na kuchomeka kila siku. Kuhusu Dolby Vision, ambayo ni aina nyingine ya HDR, PS5 hutoa gemu zake kwa HDR10, hivyo usilipie chata hiyo kwa ajili yake. Mwenye Xbox Series X au S ndiye mwenye sababu ya kuitafuta. Switch ya Nintendo, ile ya kwanza, haina HDR kabisa.

Siku ya kwenda, beba mashine yako na waya wake. Muuzaji atanuna kidogo, atazoea. Mwombe atoe TV kwenye mpangilio wa dukani, ule unaofanya kila rangi ipige kelele, aweke wa gemu. Usiukwepe mpangilio huo hata kama picha inapoa, kwa sababu ndio unaopunguza kuchelewa kati ya kidole chako na kinachotokea kwenye kioo. Ingia pia kwenye mipangilio ya tundu la HDMI na uruhusu ishara kubwa. TV nyingine huja ikiwa imefungwa. Kisha rekebisha HDR kwenye PS5 yenyewe. Inakuletea skrini tatu, na unapandisha au kushusha mwanga hadi alama ionekane kwa shida. Fungua gemu lenye usiku na tochi. Ukiona ukungu mweupe unaizunguka tochi na kuifuata kila inakokwenda, mafungu ya taa ni machache.

Weka pembeni hela ya kifaa cha kulinda TV, kile kinachokata umeme ukipanda au kushuka na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Mimi sichomeki TV ukutani moja kwa moja, na wewe usianze. Luku nayo itakwenda haraka kidogo, maana HDR inawasha taa hadi mwisho.

Kuhusu usafiri, TV husafirishwa ikiwa imesimama, haitalazwa. Tafuta Kirikuu, na kama nyumbani ni Mbagala au Goba fanya hivyo kabla foleni ya jioni haijaanza. Boksi lifunguliwe na TV iwashwe hapohapo dukani, ile utakayoondoka nayo, siyo ya maonyesho. Risiti ya EFD ichukue, na namba ya kifaa iandikwe kwenye karatasi ya waranti mbele ya macho yako.