Kukadiria Mpindo wa Mawimbi ya Rada katika Ghuba ya Winam

Rada inapoonyesha kisiwa ambacho jana hakikuonekana, fundi hukimbilia bisibisi. Nami niliwahi kufanya hivyo hapa Kisumu, kando ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria: nilimaliza asubuhi nzima nikikagua nyaya za antena ya mashua moja, na ilipofika saa tatu, jua liliposhika kasi, mwangwi ulionisumbua, yaani mawimbi ya rada yanayorudi baada ya kugonga kitu, ukatoweka wenyewe. Tangu siku hiyo huanza na hewa kabla ya kugusa kifaa.

Hatua ya kwanza ni kujua umbali wa kawaida. Mawimbi ya rada hujipinda kidogo kuelekea chini, kwa sababu hewa ya chini ni nzito na kwa kawaida ina mvuke mwingi zaidi, hivyo huyapunguzia mwendo kuliko hewa ya juu. Ndiyo maana mafundi huhesabu kana kwamba nusukipenyo cha dunia ni takriban kilomita 8,500 badala ya 6,371. Tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, ukijumlishe na kipeuo cha pili cha kimo cha kitu unachokitafuta, kisha uzidishe kwa 4.12 upate kilomita. Antena ya mita 9 huanza kuiona mashua ya mita 4 ikiwa umbali wa kilomita 20.6. Kimo hupimwa kutoka usawa wa ziwa; anayeongeza mita 1,130 na ushei za Kisumu juu ya bahari atapata jibu la kuchekesha.

Hatua ya pili ni kupima hewa kando ya maji. Tumia vipimajoto viwili kivulini, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa chenye maji kwenye balbu, kisha usome kanieneo (mgandamizo) ya mvuke kwenye jedwali la unyevu. Kanieneo ya hewa isichukuliwe kwenye simu, kwani namba hiyo kwa kawaida imekwisha kurekebishwa hadi usawa wa bahari, ilhali hapa kipimo halisi hukaribia hektopaskali 887.

Hatua ya tatu ni hesabu yenyewe:

N = (77.6 ÷ T) × (P + 4,810 × e ÷ T)

N ni namba inayoonyesha jinsi hewa inavyoyapunguzia mawimbi mwendo; T ni halijoto kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273.15), P ni kanieneo ya hewa, na e ni ya mvuke, zote mbili kwa hektopaskali. Tuseme alfajiri ufuoni kuna nyuzi 20 za Selsiasi, P ni 887 na e ni 21: N itakuwa 326. Mita 300 juu yake, kwenye vilima vya Riat, tuseme kuna nyuzi 22, P ni 857 na e ni 12: N itakuwa 277. Angalia jinsi mvuke unavyobeba mzigo mkubwa wa tofauti hiyo. Mwanga hauujali sana mvuke, na kwa hivyo darubini haitakuonyesha kile ambacho rada inakiona. Kipimo cha kilimani ni makadirio tu, maana ardhi ya mteremko huipoza na kuipasha hewa kwa namna yake. Mwenye puto la kupandisha vipimo atapata jibu bora.

Hatua ya nne, gawa tofauti kwa kimo. Hapa ni 49 kwa kilomita 0.3, yaani upungufu wa takriban 163 kwa kila kilomita. Upungufu wa 40 ni wa kawaida. Ukizidi 157, mawimbi hupinda kuliko mviringo wa dunia, yakanaswa katika tabaka la chini na kusafiri mbali mno. N ikiongezeka kwenda juu, mambo hugeuka na rada huona karibu kuliko kawaida.

Mwisho, thibitisha kwenye skrini. Rada inayotuma mapigo (mafungu mafupi ya mawimbi) 1,000 kwa sekunde hupima sawasawa hadi kilomita 150 tu. Mwangwi wa mbali zaidi hurudi baada ya pigo linalofuata kutumwa, ukachorwa karibu mahali pasipo na kitu. Badilisha idadi ya mapigo. Mwangwi wa karibu utabaki palepale, bali ule wa mbali utahama, na ukihama, rudisha bisibisi mkobani.