Somo: Mkate wa kumimina pamoja na mtoto wa miaka 3 hadi 6

Wazazi na walezi wenzangu, habari za leo. Somo letu linafanyika jikoni. Nimechagua mkate wa kumimina kwa sababu kazi zake nyingi ziko mbali na moto: kupima, kuosha, kukamua, kutwanga. Halafu kuna hamira, na sijaona kitu jikoni kinachomfanya mtoto aulize "kwa nini?" kuliko hamira.

Kabla hatujagusa mchele, nasisitiza jambo moja. Mpe mtoto kazi ya kweli, ile ambayo isipofanyika mkate haupatikani. Ukimpa sufuria tupu na mwiko akacheze pembeni, anajua kabisa kwamba ameondolewa njiani. Pia usigeuze jiko kuwa darasa la maswali mfululizo. Uliza swali moja, kisha nyamaza umsikilize.

Mahitaji: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, iliki punje 8, chumvi kidogo sana, na mafuta ya kupaka sufuria. Kikombe cha kupimia kiwe kimoja mwanzo hadi mwisho.

Mkiweza, nendeni wote soko la Mgandini hapa Tanga kununua. Iliki inalimwa milimani huko Amani, Pangani kuna minazi mingi, na Mombo kuna mashamba ya mpunga ya kumwagilia. Mtajie majina hayo anaposhika vitu vyenyewe. Siku mkipita Mombo kwa basi, yeye ndiye atakayekukumbusha mchele.

Hatua ya 1: Jioni, kupima na kuloweka

Weka sinia chini, kikombe juu yake, mtoto ajaze. Utamwagika, na ndiyo kazi ya sinia. Mfundishe kusawazisha mdomo wa kikombe kwa kidole, kisha mhesabu kwa sauti: kimoja, viwili. Aoshe mchele mpaka maji yaache kuwa meupe.

Sasa mpe punje moja ajaribu kuivunja kwa kucha. Itakataa. Lowekeni, mfunike, mkalale. Asubuhi ajaribu tena na punje nyingine: inavunjika na kusagika kidoleni. Usitangulie kumweleza sababu. Watoto wengi husema wenyewe kwamba mchele "umekunywa maji", na hilo ndilo jibu.

Hatua ya 2: Tui na iliki

Mbuzi ya kukunia nazi ni ya mtu mzima, meno yake hayana msamaha kwa vidole vidogo. Wewe kuna, mtoto akamue. Tia maji ya uvuguvugu kidogo, aminye kwa mikono miwili juu ya chujio. Tui la kwanza liweke kwenye glasi, la pili kwenye glasi nyingine, ayatazame kwenye mwanga na kusema lipi zito. Iliki amenye mwenyewe na kuitwanga kwenye kinu kidogo, anuse kabla na baada.

Hatua ya 3: Hamira

Hapa msiwe na haraka. Panga glasi tatu: ya kwanza maji baridi ya friji, ya pili maji ya uvuguvugu, ya tatu maji ya moto yaliyotoka kuchemka (hii uimimine na kuisogeza wewe, mbali na mikono yake). Kila moja iwe na kijiko cha sukari na hamira kidogo. Kabla ya kusubiri, mtoto aonyeshe glasi anayodhani itatoa povu. Akikosea usimsahihishe, glasi zenyewe zitamjibu.

Baada ya dakika 10 hivi, ya uvuguvugu itakuwa na povu, ya baridi itakuwa bado imetulia, na ya moto haitafanya kitu. Mweleze kwa maneno mepesi: hamira ni viumbe hai, vidogo mno hatuvioni kwa macho. Vinakula sukari na kutoa hewa, na povu ni hewa hiyo. Baridi inavichelewesha, moto mkali unaviua. Mtoto wa miaka 5 analielewa hili vizuri. Wa miaka 3 atabaki na "hamira imekula sukari", na kwa umri wake inatosha.

Hamira ya mkate wenyewe iumulie kwenye robo kikombe ya tui la uvuguvugu, ukilichota katika kile kikombe 1 na nusu ulichopima.

Hatua ya 4: Kusaga na kuumua

Chuja mchele, saga na tui, sukari, iliki na chumvi mpaka usisikie chenga kabisa kidoleni. Hamira iingie mwisho. Mtoto abonyeze kitufe cha blenda wewe ukiwa umeshika kifuniko, lakini mkono wake usiingie ndani ya jagi hata wakati wa kuosha. Mchanganyiko uwe mzito kuliko uji wa kunywa, ila umiminike.

Mimina kwenye chombo kinachoonyesha ndani, mtoto achore mstari kwa nje pale ulipofikia. Kwa joto la Tanga, dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Miezi ya kipupwe subirini zaidi. Ukishaumuka usiukoroge. Mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshikilia hewa, hivyo ukikoroga unaitoa yote.

Hatua ya 5: Moto

Chora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kubwa kutoka kwenye jiko, na mtoto akae nyuma yake. Paka sufuria mafuta, ipashe kwa moto mdogo, mimina taratibu. Vikitokea vitundu juu, funika, panga makaa juu ya kifuniko na upunguze ya chini. Dakika 20 hadi 25. Kijiti kikitoka kikavu, epua.

Ukipoa, kata nusu, kisha robo, huku akitazama. Kisha mwachie yeye aamue nani apate kipande gani. Hesabu ya kugawa ataifanya kwa bidii, maana na chake kimo.

Maswali ya wanachama

Mama Mapacha, Makorora: Mwalimu, wangu wana miaka 3 na kila kitu wanagombania. Nifanyeje?

Pole, mama. Kazi ziwe mbili tofauti: mmoja ashike kikombe kisitikisike, mwenzake ajaze. Mkifika cha pili wabadilishane. Usiwape kazi moja wagawane, hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Baba wa Mikanjuni: Mwanangu ni wa kiume na anapenda sana kupika, lakini bibi yake anasema jikoni ni kwa mabinti. Sitaki kumvunjia heshima mama.

Ni vizuri kwamba unamfikiria mama. Usibishane naye. Mwombe awe yeye wa kumfundisha mjukuu kukamua tui, kwa kuwa mkono wake ndio wenye uzoefu. Na siku ya harusi mwonyeshe mtoto wanaosimamia masufuria ya pilau: wengi ni wanaume, na bibi anakula pilau lao miaka yote. Mimi naliona jambo hili ni kubwa. Mtoto wa kiume anayejua kujipikia hatalala njaa akienda kusoma mbali.

Dada wa Muheza: Shikamoo mwalimu. Huku sina blenda.

Marahaba. Mchele ulioloweka uanike kidogo ukauke maji ya juu, utwange, uchekeche, urudishe chenga kinuni. Unga huo uchanganye na tui kidogo kidogo mpaka uzito ule niliosema. Mtoto atapenda kuchekecha. Na machungwa yenu yakiwa mengi, anzeni na juisi: ahesabu machungwa mangapi yanajaza glasi moja.

Mlezi, Chumbageni: Mkate wangu huumuka vizuri halafu unashuka katikati.

Ama umeuacha uumuke kupita kiasi, ama umefunua kabla haujashika. Angalia ule mstari wa mtoto: ukikaribia mara mbili yake, pika.

Mama wa Raskazone: Mdogo wake ana mwaka 1 na nusu, naye analia anataka kushiriki. Na huyu mkubwa anapenda kulamba mchanganyiko mbichi.

Huyo mdogo mpe bakuli la maji kidogo na mchele wa kuosha, ukiwa umekaa naye. Usimwache peke yake na maji hata kwa dakika. Mkubwa mkataze kulamba, kwa sababu unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu na hamira mbichi itamjaza gesi tumboni. Mwekee pembeni kipande cha nazi atafune. Na kwa kuwa mkate una tui, usilale nje ya friji kwa joto letu hili. Uleni siku hiyohiyo.