Namna ya Kupima Damu ya Kuku wa Maabara kwa Kuzingatia Umri na Jinsia

Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, ya asilimia 40 kwa jogoo na ya asilimia 29 kwa koo anayetaga zinaweza zote mbili kuwa za kuku wazima, na anayezisoma kwa kiwango kimoja cha "kuku" atamwandika mmoja wao kuwa mgonjwa bila ya sababu. Kwa hivyo kazi hii, iwe inafanyika Unguja au Pemba, huanza na daftari kabla ya sindano.

Wagawe kuku wako mafungu matano: vifaranga, mapora, mitetea, makoo wanaotaga na majogoo. Usitegemee hesabu ya wiki peke yake, kwani kuku wa kienyeji huchelewa kupevuka kuliko kuku wa mayai wa kisasa. Tazama pia kilemba kama kimekuwa chekundu, na uandike iwapo kuku jike ameshaanza kutaga, jambo ambalo katika vipimo vya damu lina uzito mkubwa kuliko umri wenyewe.

Anza na vipimo visivyohitaji kumshika kuku. Simama mbali kidogo, uhesabu pumzi kwa dakika nzima, ukijua kwamba jogoo huvuta pumzi polepole kuliko koo. Kisha pima joto kwenye kloaka, yaani tundu la nyuma: kuku mkubwa huwa na nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, ilhali kifaranga aliyeanguliwa karibuni huwa chini ya hapo, kwa sababu bado hajaweza kulitunza joto lake mwenyewe. Vipimo vyote vifanyike asubuhi na mapema, hasa wakati wa kaskazi, kwani ukimpima jogoo saa moja asubuhi na koo saa saba mchana anapohema mdomo wazi, tofauti utakayoipata ni ya jua, si ya jinsia.

Damu hutolewa kwenye mshipa wa bawa, na kiasi kisizidi asilimia 1 ya uzito wa mwili. Kifaranga wa gramu 50, basi, hatoi zaidi ya nusu mililita, nawe uamue mapema ni vipimo vipi vinavyostahili tone hilo. Damu ya kuhesabu seli itiwe kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Ya kemia itiwe kwenye heparini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwani EDTA hufunga kalsiamu na kuharibu kipimo chake. Bonyeza mshipa kwa pamba mpaka damu ikatike.

Katika kusoma, kumbuka kwanza kuwa seli nyekundu za kuku zina kiini, hivyo mashine iliyotengenezwa kwa damu ya binadamu huzichanganya na seli nyeupe. Tumia chumba cha kuhesabia cha Neubauer, yaani kioo chenye miraba ya kuhesabia seli, na darubini; ni kazi ya kuchosha, lakini hesabu yake inaaminika zaidi. Baina ya vifaranga dume na jike tofauti ni ndogo. Wanapopevuka ndipo njia zinapoachana: testosteroni huchochea utengenezaji wa seli nyekundu, na jogoo humzidi koo kwa seli hizo, kwa himoglobini na kwa hematokriti.

Kwenye kemia, koo ndiye anayejitenga. Kalsiamu ya damu, ambayo kwa kuku asiyetaga huwa karibu na miligramu 10 kwa desilita, kwa anayetaga huweza kufika 20 hadi 30, kwa kuwa estrojeni huliamrisha ini kutengeneza protini na mafuta ya kiini cha yai, na protini hizo husafiri zikiwa zimebeba kalsiamu. Plazma yake ikionekana nyeupe kama tui, usiitupe kwa kudhani imeharibika. Kimeng'enya cha fosfatezi alkalini, kwa upande mwingine, huwa juu kwa kifaranga kwa sababu mifupa yake inakua. Uwiano wa heterofili kwa limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe, usomwe kwa tahadhari katika kila fungu, kwani kuku aliyekimbizwa bandani kwa muda mrefu huupandisha kwa hofu tu.

Unapoandika matokeo, toa wastani wa kila fungu peke yake pamoja na idadi ya kuku waliopimwa, saa ya kupima na hali ya kutaga. Fungu lenye kuku wachache lisiunganishwe na jingine ili jedwali lipendeze.