Somo: Jinsi ya kusoma komiki za zamani zilizowakutanisha mashujaa wa Marvel na DC

Wadau, tangu hadithi hizi zichapishwe upya mwaka 2024 naona vijana wengi wanazipata, wanatafuta ukurasa wa ngumi, wanaupiga picha, kisha kitabu kinafungwa. Wanakosa mengi. Nani kampiga nani ni sehemu ndogo tu ya uhondo. Hapa kuna kampuni mbili zinazogombea wasomaji walewale, zimekubali kukaa ndani ya kitabu kimoja, na mtunzi kapewa kazi ya kuhakikisha kila shujaa anatoka na heshima yake. Ukishajua kutazama jambo hilo, hata hadithi za kawaida zinanoga.

Hatua ya 1: Anza na Superman na Spider-Man, 1976

Usianze kwingine. Superman ni wa DC, Spider-Man ni wa Marvel. Kitabu hiki kiliuzwa dola 2 wakati komiki ya kawaida ilikuwa senti 25 au 30, na kilikuwa kikubwa, urefu wake unapita sentimita 33. Aliyekiandika ni Gerry Conway, mchoraji wa penseli Ross Andru, wino ukatiwa na Dick Giordano. Conway na Andru walichaguliwa kwa sababu wote wawili walikuwa wamewahi kufanya kazi ya mashujaa hao pande zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema mgeni kamharibia mtu wake. Hata hivyo baadhi ya michoro ya Superman iliguswa upya na Neal Adams, na nyuso za Peter Parker (Spider-Man akiwa bila kinyago) zikaguswa na John Romita. Kila nyumba ilikuwa inalinda sura ya mwanawe.

Ukifika kwenye pambano, punguza mwendo. Superman anaweza kusukuma sayari. Spider-Man ni kijana mwenye nguvu nyingi, lakini si kwa kiwango hicho. Wapigane vipi bila mmoja kudhalilika? Conway anamtumia Lex Luthor, adui wa Superman, ambaye anampiga Spider-Man kwa mionzi ya jua jekundu, ile inayomdhoofisha Superman, na kwa muda ngumi zake zinamwingia Superman kweli. Superman naye, akiwa amekasirika, anarusha ngumi halafu anaizuia kabla haijafika, kwa kuogopa kuua. Upepo wa ngumi hiyo tu unamtupa Spider-Man mbali. Baadaye mionzi inakwisha nguvu. Spider-Man anaendelea kupiga na kupiga, Superman kasimama tu anamtazama, na anayeumia mikono ni mpigaji. Kurasa hizo chache zimemwonyesha Superman alivyo mpole na Spider-Man alivyo mbishi, na hakuna aliyeshindwa.

Msiruke pia vipande vidogo. J. Jonah Jameson na Morgan Edge, mabosi wa magazeti na televisheni kutoka dunia mbili, wanakaa baa wakilalamikia waandishi wao. Mimi nakipenda kipande hicho kuliko pambano lenyewe.

Hatua ya 2: Soma tatu zilizofuata, kwa mpangilio huu

Superman na Spider-Man ya pili, 1981, ya Jim Shooter na John Buscema. Humo Peter Parker anafanya kazi Daily Planet, gazeti la Clark Kent (Superman akiwa raia wa kawaida), na Clark anaenda Daily Bugle, gazeti la Peter. Isome mara moja, inatosha.

Batman na Hulk, 1981, ya Len Wein. Hapa kaa. José Luis García-López anachora miili kwa usahihi ambao wachoraji wengi wa leo bado wanautafuta. Na tatizo la mizani ni gumu kuliko la 1976, maana Batman hana nguvu yoyote ya ajabu. Anatupa gesi ya usingizi, Hulk anabana pumzi. Basi Batman anaruka na kumpiga teke la miguu miwili kwenye chembe cha moyo. Hulk haumii, lakini anashtuka na kuvuta hewa, gesi inaingia. Batman kashinda kwa akili na kwa ujasiri wa kumsogelea Hulk karibu namna ile, na ukubwa wa Hulk haukupunguzwa hata kidogo.

X-Men na New Teen Titans, 1982, ya Chris Claremont na Walter Simonson, wino wa Terry Austin. Hii ndiyo hadithi bora kati ya hizi tatu. Darkseid, adui mkubwa wa DC, anataka kumrudisha Dark Phoenix, nguvu haribifu kutoka hadithi za X-Men wa Marvel, na vijana wa makundi mawili wanalazimika kufahamiana haraka. Starfire wa Titans anambusu Colossus wa X-Men ili ajifunze Kirusi, na Kitty Pryde, anayempenda Colossus, hafurahi hata kidogo. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayofanya uamini kwamba watu hawa wameishi dunia moja siku zote.

Hatua ya 3: Chagua kwa uangalifu katika miaka ya 1990

Zilikuwa nyingi, na nyingine zilitengenezwa kwa kuwa soko lilikuwa linazihitaji. Chukua Batman na Captain America ya John Byrne, iliyowekwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambamo Joker, adui wa Batman, anagoma kumsaidia Red Skull, adui wa Captain America, mara tu anapogundua kwamba ni Mnazi wa kweli. Zingine zinaweza kusubiri.

Halafu kuna ile kubwa ya 1996, Marvel dhidi ya DC, yenye matoleo manne, ambamo mapambano matano yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Kwangu, kura ziliua kile kilichojengwa mwaka 1976. Mtunzi akishaambiwa nani ashinde, hana nafasi ya kutafuta sababu. Tazama Wolverine wa Marvel na Lobo wa DC: wanaingia nyuma ya kaunta ya baa, hatuoni kitu, kisha Wolverine anatokea na sigara. Shabiki wa Lobo alistahili zaidi ya hapo. Lakini mradi huohuo ulizaa Amalgam, ambamo mashujaa waliunganishwa wawili wawili: Batman na Wolverine wakawa Dark Claw, Superman na Captain America wakawa Super-Soldier. Hizo zisome zote, zina furaha ya kweli.

Hatua ya 4: Malizia na JLA na Avengers, 2003–2004

Mwandishi Kurt Busiek, mchoraji George Pérez. Matoleo manne. JLA ni kundi la mashujaa wa DC, Avengers ni la Marvel. Mradi huu ulikusudiwa kuchapishwa mwaka 1983. Pérez alikuwa ameshachora kurasa 21 kampuni zilipokosa kuelewana kuhusu hadithi, ukafa. Alisubiri miaka 20. Ukiangalia jalada la toleo la tatu, ambalo limejaa kila mwanachama aliyewahi kupita katika makundi yote mawili, utaona mtu aliyekuwa na deni na nafsi yake.

Kilichomo ndani kina uzito pia. Avengers wanaona jinsi mashujaa wa DC wanavyoenziwa, mpaka wana makumbusho yao, wanashuku kuna udikteta. JLA nao wanaona Latveria, nchi ya kidikteta katika dunia ya Marvel, na chuki dhidi ya mutanti, watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, wanauliza wenzao wamekuwa wakifanya nini muda wote. Wakali kuliko wote ni Superman na Captain America. Batman na Captain America wanapimana kidogo, wanaelewana, wanaenda kufanya kazi. Kwa hiyo Superman anapoishia kushika ngao ya Captain America mkono huu na nyundo ya Thor mkono ule, imani kati ya makundi hayo imetafutwa kwa matoleo manne.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa jumla nani alishinda 1996?
Kwenye kura tano Marvel 3, DC 2: Spider-Man, Wolverine na Storm upande mmoja, Superman na Batman upande wa pili. Ukihesabu mapambano yote 11, Marvel 6 na DC 5.

Je, 1976 ndiyo mara ya kwanza kampuni hizi kushirikiana?
Kwa mashujaa, ndiyo. Lakini mwaka 1975 zilichapisha pamoja komiki ya filamu ya zamani ya Wizard of Oz.

Kaka, mwanangu ana miaka tisa. Nimpe ipi?
Ya 1976, dada, halafu ya Batman na Hulk. Usimpe Batman na Punisher, ni bunduki tupu, wala ile ya Spider-Man na Batman yenye wahalifu Carnage na Joker, wote wawili wanaua kwa raha zao.

Nasomea kwenye simu, kuna tatizo?
Za 1976 na 1981 za ukubwa ule zinaumia sana, fremu zilipangwa kwa karatasi pana. Azima kompyuta. Ya 1982 ilikuwa ya ukubwa wa kawaida, simu inaivumilia kiasi.

Zile kurasa 21 zilipotea?
Hapana. Zilitolewa pamoja na toleo la kifahari la JLA na Avengers. Na mwaka 2022, Pérez akiwa mgonjwa wa saratani ya kongosho, shirika la hisani la Hero Initiative liliruhusiwa kuchapisha hadithi hiyo upya, nakala 7,000. Alifariki Mei mwaka huohuo. Ukikuta nakala hiyo kwa mtu na anaiuza kwa bei ya haki, usisite.