Jinsi ya kuhoji mchoro wa nyumba kongwe

Kazi yangu ni kupima majengo ya zamani na kuyachora upya. Nikipata mchoro wa karne ya 19 siuamini mara moja. Naukalisha kitako kama shahidi. Mfano wetu ni nyumba ya Fairbanks, mjini Dedham, Massachusetts, Marekani. Pete za umri kwenye mbao zake zinaonyesha ilijengwa karibu mwaka 1637, na wachoraji wengi wamepita pale.

Hatua ya 1: Jua nani alichora, na kwa nini. Edwin Whitefield, kwa mfano, alizaliwa Uingereza akahamia Marekani, na kuanzia 1879 alitoa vitabu vya picha za nyumba kongwe za New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani. Anayechora kwa mapenzi hayo huweza kuongeza chumvi: magugu zaidi, mbao zilizochakaa zaidi.

Hatua ya 2: Hakikisha picha haijageuka. Kwenye lithografia mchoro huwekwa juu ya jiwe, na ukipigwa chapa kushoto huwa kulia. Fundi mzoefu huchora kinyume tangu mwanzo. Linganisha na picha ya kamera: mabawa, yaani sehemu za pembeni za nyumba, yako upande uleule?

Kisha tazama vivuli. Sisi wa Mombasa na Dar es Salaam tumezoea jua la adhuhuri kuhama, mara kaskazini, mara kusini. Massachusetts haliko hivyo. Huwa kusini mwaka mzima. Ukiona vivuli vifupi vimeelekea kusini, ama picha imegeuzwa, ama mwanga umetungwa nyumbani.

Hatua ya 3: Anza na dohani. Hapa usiharakishe. Nyumba nyingi za New England za karne ya 17 zilijengwa kuzunguka dohani moja kubwa ya katikati, vyumba vya pande zote vikapata meko kwenye dohani hiyohiyo. Kuihamisha ni kuing'oa nyumba moyo, kwa hiyo ndiyo isiyobadilika upesi. Weka karatasi angavu juu ya mchoro, shusha mstari wima kutoka kwenye dohani, kisha panga mengine kutoka hapo. Kwa Fairbanks utaona mabawa mawili yenye paa lililovunjika kiuno, yaani kila upande una miteremko miwili, wa chini mkali zaidi: hayo ni nyongeza za baadaye.

Hatua ya 4: Soma madirisha. Ya mwanzo yalikuwa madogo, ya bawaba, yenye vipande vya kioo vilivyoshikwa kwa madini ya risasi. Ya kusukuma juu yalienea karne ya 18. Ukiyakuta kwenye nyumba ya 1637, usimlaumu mchoraji. Mwenye nyumba alibadilisha.

Hatua ya 5: Pima, lakini si kwa watu. Niliwahi kutumia mzee mwenye fimbo aliyesimama mlangoni kama rula, nyumba ikanitokea ndefu kama ghala. Wachoraji hupunguza watu ili jengo lionekane kubwa. Tumia mlango wenyewe, kisha tafuta vipimo vya mradi wa serikali ya Marekani wa kurekodi majengo ya kihistoria, ulioanza 1933. Viko kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge lao, bure.