Kabla hujaenda kupiga picha za uwindaji Tabora, zima kile kitaa cha kamera

Kibali kwanza. Kuwa rafiki wa mwenye kitalu, yaani eneo la kuwindia, si kibali. Usitegemee ramani ya zamani pia: Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019, na ndani ya hifadhi hakuna kuwinda.

Saa. Wanaotoka Dar hukosea hapa. Tabora iko magharibi sana, na jua huchomoza karibu nusu saa baada ya Dar. Mwezi wa saba ni kama saa moja kamili. Mwanga laini unaoutaka haudumu. Ikifika saa mbili, vivuli vya miyombo ni vyeusi tii na picha imeharibika. Saa kumi na moja uwe umeshakunywa chai.

Vaa jaketi, ila isiwe ya bluu wala nyeusi, mbung'o hufuata rangi hizo. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, baridi huzimaliza. Kamera iliyolala nje usiitoe kwenye begi ndani ya gari lenye pumzi za watu sita, lenzi itashika ukungu.

Sasa kitaa. Kamera nyingi zina kitaa kidogo mbele, karibu na lenzi, kinachowaka chenyewe gizani ili kuisaidia kupata shabaha. Mimi sikukijua. Tulikuwa tumefuata nyayo za tandala dume kwa siku tatu. Alfajiri ya tatu tukamkuta amesimama ukingoni mwa uwanda wa nyasi, hatua kama themanini, pembe zinaonekana lakini mwili bado kivuli. Mgeni, yaani mteja aliyekuja kuwinda, akainua bunduki. Nami nikabonyeza kitufe nusu. Doa la rangi ya chungwa likatua kwenye nyasi kavu mbele yetu, kisha kwenye sikio la mgeni. Tandala akabweka mara moja, akapotea.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo liliniuma. Mzee msoma nyayo alikuja taratibu, akaziba kitaa kwa dole gumba, akanong'ona: "Kijana, hii inazimwaje?" Sikujua. Nilihangaika na menyu kwa vidole vilivyokufa ganzi, watu watano wamesimama wananingoja.

Kwa hiyo fanya hivi nyumbani, usiku. Ingia chumba chenye giza, elekeza kamera kwenye kioo, bonyeza nusu. Kikiwaka, kizime kwenye menyu, halafu bandika plasta nyeusi juu yake, maana ukibadilisha mpangilio kinaweza kurudi. Zima mlio. Zima picha inayojitokeza kwenye skrini kila ukipiga, inakumulika uso mzima.

Porini, kaa nyuma ya bunduki, kamwe usiitangulie hata kwa hatua moja. Usirushe picha zenye alama ya mahali zilipopigwa, majangili nao wana simu. Muombe mgeni ruhusa kabla ya kuonyesha sura yake. Usijitenge kwenda kutafuta pembe nzuri ya picha peke yako. Na mzee akikuonyesha kwa kiganja kwamba chuchumaa, chuchumaa hapohapo, hata kama ni kwenye miiba.