Kutoka Lenzi Hadi Karatasi: Namna ya Kuitunza Rangi ya Picha za Harusi

Mpiga picha anayekusudia kuchapa kazi yake anafaa kupanga akianzia mwisho, yaani kwenye karatasi, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye lenzi. Picha za harusi zinafaa kuwa mfano, kwa kuwa ndani yake mna mambo matatu ambayo ni magumu kuyapatanisha katika fremu moja: shela nyeupe, nyuso za watu weusi, na vitenge vyenye rangi kali.

Ukurasa wa albamu wa sentimita 20 kwa 30, ukichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji pikseli 2,362 kwa 3,543, ambazo jumla yake haifiki hata milioni 9. Kamera ya megapikseli 24 inatosha na kubakiza. Kwa hiyo si lazima umalize akiba yako kwa lenzi inayosifiwa kwa ukali wa picha tu. Fikiria kwanza utasimama wapi. Umbo la uso huamuliwa na umbali uliopo kati ya kamera na mtu, na ukimsogelea bibi harusi hadi chini ya mita moja, pua itaonekana kubwa na masikio yatarudi nyuma, lenzi iwe ya bei yoyote ile. Lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya sensa kamili (sensa ni kibao kinachopokea mwanga, na iliyo kamili hulingana na fremu ya filamu ya milimita 35), au ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa ndogo iitwayo APS-C, itakuweka kama mita mbili kutoka kwake unapopiga kichwa na mabega, na huo ni umbali unaompendeza karibu kila mtu. Kwa picha ya ukoo mzima milimita 35 hufaa, ila walio kwenye kingo za fremu hutanuka. Usimweke shangazi mwenye mwili pembeni kabisa, maana atakudai maelezo siku albamu itakapofika.

Lenzi nayo huchangia rangi. Nyingi, tundu lake la kupitishia mwanga likifunguliwa hadi f/1.8 (namba ndogo ni tundu kubwa), hutoa mstari wa zambarau kwenye ukingo wa shela iliyopigwa na mwanga wa dirisha, na kwa kawaida mstari huo hupungua sana ukibana tundu hadi f/4. Ukinunua lenzi iliyotumika, hasa katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi, fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kwa nyuma, kisha tazama kwa mshazari: nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui ni kuvu. Kuvu ikienea, rangi nyeusi hugeuka kijivu na picha nzima hufifia.

Kwenye kamera, piga kwa faili ghafi (RAW), yaani data ya sensa ambayo kamera haijaibana wala kuirekebisha. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwangaza kwa kila chaneli, ilhali JPEG ina 256 tu, na tofauti hiyo utaiona pale unapojaribu kuinua kivuli kwenye shavu bila kuharibu shela. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huupausha. Mtu huyohuyo akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera humtia giza. Pima kwa shela, ukihakikisha kwenye histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mwangaza kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, kwamba weupe wake haujagonga ukuta wa kulia, kisha uinue uso kwa taa au kwa kiakisi, wala si kwa kompyuta baadaye. Upendeleo wa vipimo una historia yake katika fani hii: kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizotumia filamu za Kodak zilisawazisha mashine zao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, na watu weusi wakatoka wamepauka au wamemezwa na giza.

Kila mwanga unapobadilika, piga fremu moja ya kadi ya kijivu ikiwa pale uso ulipo. Chini ya mwembe, majani hurusha ukijani ambao jicho huuzoea haraka lakini sensa haiusamehe, na kadi itauondoa kwa mbofyo mmoja kwenye programu ya kuhariri. Ukumbini hali ni nyingine. Taa za mapambo za buluu na zambarau hukosa sehemu kubwa ya rangi za mwanga wa jua, na rangi ambayo haikuwamo kwenye mwanga haiwezi kurudishwa na programu yoyote. Hapo, flashi inayozizidi nguvu ndiyo tiba.

Skrini ya kompyuta ndiyo inayoharibu kazi nyingi, kwa sababu hutoka kiwandani ikiwa na mwanga mkali wa kuvutia wanunuzi. Tafuta kifaa cha kupimia rangi cha kubandika kwenye kioo, hata kwa kuchangia na wapiga picha wenzako. Acha skrini iwake nusu saa, kisha ilenge kwenye kelvini 6,500 (weupe unaofanana na wa mchana), gama 2.2 (mpangilio wa ngazi za kati ya giza na mwanga) na mwangaza wa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Zima mipangilio yote inayobadilisha rangi usiku. Usihariri huku dirisha likiwa mgongoni mwako, wala usiiamini simu kuwa mwamuzi.

Kabla ya kupeleka faili studio kwa ajili ya kusafishwa, uliza kama wana wasifu wa rangi wa mashine na karatasi yao, yaani faili dogo linaloeleza jinsi mashine hiyo inavyotoa rangi. Wakikupa, utumie kwenye programu yako kutazama mapema jinsi picha itakavyotoka, na ndipo utakapoona rangi ya chungwa ya kitenge ikizimika, kwa kuwa wino hauifikii. Wakikosa, peleka JPEG ya sRGB, mfumo wa rangi unaotambulika na karibu kila kifaa, yenye wasifu wake ndani, kwani faili la Adobe RGB, mfumo wenye rangi nyingi zaidi, kwenye mashine isiyolitambua hutoka limepauka. Waombe pia wazime marekebisho ya moja kwa moja, la sivyo mashine itaupausha uso uliohangaika kuupata. Unapochapa nyumbani, rangi isimamiwe na programu au na printa, kamwe si vyote viwili, na aina ya karatasi uliyoichagua kwenye printa iwe ndiyo iliyopo kwenye trei.

Chapa kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 15 kwenye karatasi ileile, kiache kikauke, kisha kitazame karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kwa kuwa balbu ya manjano itakudanganya. Kikitoka cheusi kuliko ulivyokiona, karibu kila mara kosa ni skrini yenye mwanga mwingi: shusha mwangaza wake na uhariri upya, badala ya kuipausha kila picha kwa kukisia.